Hamilton wa Darajani

Vällingby, Stockholm
Jumamosi, 28 Oktoba 2023

Mama Mkubwa Agripina,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na karatasi hii nimeianza mara tatu. Alhamisi nilimdanganya Mama mbele ya mwalimu wangu. Kilichonifanya nidanganye ni sifa.

Ngoja nieleze, maana kwa simu siwezi. Wewe mwenyewe unajua ninavyokuwa kwenye simu, nasema "ndiyo" na "hapana" mpaka Mama ananinyang'anya. Ndiyo maana uliniambia niwe naandika, na Kiswahili kisinitoke.

Hapa kila muhula mzazi anaitwa shuleni. Mnakaa watatu mezani, mzazi, mwalimu na wewe mwenyewe, na mwalimu anaeleza unavyoendelea. Kiswidi cha Mama ni cha kazini. Anajua kuwauliza wazee anaowahudumia kama wamekula, kama wamemeza dawa, wapi panauma. Cha kukaa na mwalimu hana. Kwa hiyo mkalimani ni mimi, kama nilivyokuwa benki, hospitali, ofisi ya uhamiaji na kila mahali tangu nina miaka minane.

Mwalimu wangu wa hisabati anaitwa Håkan. Tunamwita hivyo hivyo, Håkan, bila "mwalimu". Walimu wote huku wanaitwa kwa majina yao na Mama mpaka leo hajazoea. Basi Håkan akaweka mkono kifuani, akaanza kusema. Alisema kwa dakika tano nzima. Alisema amefundisha miaka thelathini na moja, na wanafunzi waliomfanya aende na swali nyumbani ni watatu tu, na mimi ni wa tatu. Alisema nimeuliza swali ambalo dunia ilichukua karibu miaka tisini kuliuliza.

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

Ningesema nini? "Mama, anasema mimi ni wa ajabu"? Kwa mdomo wangu mwenyewe? Nikasema, "Anasema nijitahidi kuongea darasani."

Mama akamtazama Håkan, ambaye mkono wake ulikuwa bado kifuani. Akanitazama mimi. "Dakika tano zote hizo?"

"Kiswidi ni kirefu, Mama."

Halafu Håkan akatoa fomu. Kiangazi kijacho kuna wiki tatu za hisabati, vijana ishirini kutoka nchi nzima, tunalala huko huko. Anataka kupeleka jina langu, lakini sahihi ya mzazi lazima ifike si zaidi ya tarehe nne Machi. Nikamwambia Mama ni tangazo tu la shule. Alilikunja, akalitia kwenye mkoba. Tangu siku hiyo ananiangalia kama mtu anayehesabu.

Swali lenyewe ni hili. Ninaandika kazi yangu ya mwaka juu ya mtu wa Dublin aliyeitwa Hamilton. Alipokuwa na miaka kama mitatu wazazi wake walimpeleka kwa ndugu wa baba yake, akalelewa huko, akafundishwa lugha nyingi kuliko anazohitaji mtoto. Alipokuwa mkubwa alionyesha kwamba mwendo wa jiwe lililotupwa unaweza kuuandika kwa hesabu ile ile ya mwendo wa mwanga. Kila kitu akakiweka kwenye herufi moja, H: nguvu ambayo kitu kinayo kwa sababu kinakwenda, jumlisha ile iliyojificha ndani yake kwa sababu ya mahali kilipo. Watu wakaona ni njia nzuri ya kufupisha kazi, basi. Mimi nikamuuliza Håkan, kabla sijafika ukurasa wenye jibu: sasa tunajua mstari wa mwanga ni namna tu ya kuchora wimbi kwa mbali, je, njia ya jiwe nayo ni mchoro wa nini? Akavua miwani. Kumbe ndipo walipofika wale wa karne iliyofuata, walipochunguza vitu vidogo kabisa wakakuta navyo vinakwenda kama mawimbi, na H ya Hamilton ikawa inawasubiri.

Siku moja Hamilton alikuwa akitembea na mkewe, wakafika kwenye daraja, hesabu nyingine aliyoitafuta miaka ikamjia kwa ghafla, akaichonga kwenye jiwe kwa kisu. Ilikuwa tarehe 16 Oktoba. Håkan kila mwaka siku hiyo anawapeleka wanafunzi kwenye daraja la huku, wanaiandika kwa chaki. Mwaka huu nami nilikwenda. Nilicheka sana.

Naomba usimwambie Mama.

Barua hii nimeifunga kwa gundi. Najua kwetu barua ya mkononi mtu anampa mbebaji ikiwa wazi, na yeye anaifunga mbele yako kwa ulimi wake, kuonyesha mnaaminiana. Lakini mbebaji ni Baba Norbert wa kanisani, na Baba Norbert ana macho.

Mwanao,
Asifiwe


Vällingby, 1 Novemba 2023

Yaya Agripina, dada yangu mkubwa,

Ninaandika kwa sababu nyumba yetu ina vyumba viwili, simu inasikika mpaka jikoni, na ninayetaka kumsema yuko jikoni.

Mwanzoni mwa Oktoba nilikuwa nabadilisha mashuka ya Asifiwe, nikakuta daftari chini ya godoro. Ameliandika kwa Kiswahili, nafikiri ili wenzake wa shule wasisome. Amesahau kwamba msomaji wa Kiswahili katika nyumba hii ni mimi. Nakunakilia kama lilivyo: "Hamilton. Darajani. 16 Oktoba. Alikuwa akitembea na mke wake lakini mawazo yake yalikuwa kwingine. Hakuweza kujizuia."

Yaya, hakuweza kujizuia. Na ana mke.

Mimi Hamilton ninayemjua ni yule wa kwa fundi redio kule Kadutu, Bukavu, na unakumbuka yule binti wa jirani alivyoishia. Nikajiuliza ni daraja gani. Kwenye njia ya metro ya mtoto kuna moja kubwa, la Traneberg. Siku hiyo ilipofika, kazini nikasema jino linaniuma. Nilisimama pale tangu saa tisa na nusu, upepo unatoka majini unaingia mpaka kwenye mifupa, waendesha baiskeli wananishangaa. Saa kumi na dakika kumi wakaja. Mtoto wako na mzee mwenye mvi, wawili peke yao. Mzee akapiga goti, akaandika kitu kwenye ukuta wa daraja kwa chaki, akampa mtoto chaki. Mtoto akacheka. Sijamsikia akicheka vile ndani ya nyumba yangu, sijui tangu lini. Nikarudi kituoni, nikalia kama mfiwa.

Siku kumi baadaye naitwa shuleni. Anayenipa mkono ni yule yule mzee. Pale anaitwa jina jingine kabisa. Kwa hiyo ana jina la shuleni na jina la darajani. Akaweka mkono kifuani akazungumza, akamtazama mtoto, akazungumza, macho yakamlowa. Mimi nimeolewa, Yaya, nimefiwa na mume, namjua mwanaume anayezungumza kutoka moyoni. Namuuliza mtoto, anasema nini? Eti "nijitahidi kuongea darasani". Nikapewa na karatasi. Mtoto anasema ni tangazo. Tangazo gani lina mstari wa sahihi? Nimeiweka kwenye mkoba, naogopa kumwonyesha mtu, aibu itakuwa yangu.

Nimeamua. Juni nitamleta Lubumbashi "kukusalimu", na nitarudi peke yangu. Wewe ulifundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, utamnyoosha. Usimwambie.

Norbert amenifuata baada ya ibada, ananiuliza, "Mama Asifiwe, mtoto ananiona mimi mwizi? Amenipa barua yenye gundi." Sijui anakuandikia nini. Sikuulizi. Kumbuka tu mimi ni mdogo wako, tumbo moja.

Séraphine


Lubumbashi, 19 Novemba 2023

Asifiwe,

Norbert amenikabidhi barua yako akiishika kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba samaki aliyelala juzi. Usirudie gundi. Anayetaka kusoma atasoma, gundi inamwonyesha tu ni ipi ya kusoma.

Hiyo H niliiona mwaka wangu wa mwisho chuoni Bukavu. Profesa aliiandika ubaoni, akasema "hii ni nishati", akafuta. Nimezeeka bila kujua kwamba nyuma yake alikuwapo mtoto aliyepelekwa kwa ndugu wa baba yake. Swali lako la jiwe nimelisoma mara mbili, nimelifikiria nikichambua mchele. Mwalimu wako hakukosea.

Sasa nijibu haya bila kupamba. Siku ile darajani mlikuwa wangapi? Mwalimu huyo ana umri gani, na amewahi kukuita mahali ambapo wenzako hawakuitwa? Daftari lako unaliweka wapi? Usiniulize kwa nini nauliza.

Halafu mwambie mama yako. Wewe unaona umeficha sifa tu, jambo dogo. Yeye hajui kwamba kilichofichwa ni sifa. Anajua kitu kimefichwa, na mtu mzima akiachiwa nafasi tupu huijaza kwa kile anachokiogopa.

Mama yako mkubwa,
Agripina


Lubumbashi, 19 Novemba 2023

Séraphine,

Hamilton amekufa tangu mwaka 1865. Alikuwa mwanahisabati wa Ayalandi. Daraja liko Dublin, mke alikuwa wake mwenyewe, na alichoshindwa kujizuia ni kuchonga hesabu kwenye jiwe. Huyo mtoe.

Wa chaki simjui, mimi sikuwapo pale. Usimhukumu, na usimwachie pia. Uliza. Lakini usiulize kupitia mdomo wa mtoto. Wewe mwenyewe uliniambia huko shule inalazimika kukuletea mkalimani ukimwomba. Mwombe. Na hiyo karatasi iliyo kwenye mkoba mwonyeshe huyo mkalimani.

Kuhusu Juni, kitanda ninacho. Ila mtoto hapokelewi kama mzigo uwanja wa ndege. Akiniuliza kama ninajua, sitamficha. Asiponiuliza nitanyamaza, hiyo ndiyo hisani yangu kwako.

Agripina


Vällingby, 10 Januari 2024

Yaya,

Nimesoma. Mambo ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, wewe wa Lubumbashi umeyajua wapi haraka hivyo, kama si kwenye barua ya gundi? Kumbe anaweza kueleza Hamilton ni nani. Kwako. Mmekuwa wawili, mimi nimebaki wa kupika.

Tiketi nimechukua.

Sijaenda shuleni. Wakiniletea mkalimani, atakuwa mtu wetu, wa kanisa hili au lile, na kesho yake Upplands Väsby yote, kule wanakokaa watu wetu, inajua. Lakini nitakuambia linalonikosesha raha kuliko yule mzee. Kama mtoto alinigeuzia maneno ya shuleni, amenigeuzia mangapi mengine? Miaka minne imepita tangu walipolichunguza titi langu. Daktari alisema, mtoto akaniambia, "Mama, wamesema hakuna kitu." Alikuwa na miaka kumi na mbili. Nilicheka pale pale, nikamnunulia viatu. Sasa najiuliza nikiwa naoga: aliyesema hakuna kitu ni daktari, au ni mtoto?

Siwezi kumuuliza. Nikimuuliza atajibu, na nitafanya nini na jibu lake?

Séraphine


Vällingby, 13 Januari 2024

Mama Mkubwa,

Barua hii nimempa Dada Elvire wa Södertälje ikiwa wazi, ameifunga mwenyewe. Kwa hiyo nimejibana kidogo.

Umeuliza. Darajani tulipaswa tuwe wanafunzi watano. Wawili waliugua. Arnaud na Mélissa treni yao ilichelewa, wakatukuta baada ya dakika ishirini, mkate wa mdalasini wameumaliza njiani. Håkan ana miaka sitini na nne. Hajawahi kuniita peke yangu. Daftari naliweka chini ya godoro.

Nilipoandika neno "godoro" ndipo nikaelewa kwa nini uliuliza. Amelisoma, siyo? Nimelifungua nikajaribu kulisoma kwa macho yake, na nikapata joto mpaka masikioni.

Uliniagiza nimwambie Mama, sijamwambia. Nilijaribu Krismasi. Nilisema, "Mama, yule mwalimu..." akaweka kisu mezani polepole sana, akasema, "Eeh, yule mwalimu?" Nikasema anastaafu mwakani. Basi.

Mambo yamebadilika humu. Haniiti tena kumtafsiria. Barua zikija anazipeleka kwa Mama Colombe wa ghorofa ya tatu, Mrundi, ambaye Kiswidi chake naye ni cha kubahatisha. Juzi walikaa saa nzima juu ya barua ya maji ya moto. Nilitaka kusaidia. Mama akafunika karatasi kwa kiganja, mimi mwanae. Kama mwanafunzi anayezuia mwenzake asiibie.

Na juzi hiyo hiyo nilikuwa natafuta chaja kwenye droo yake nikakuta tiketi. Stockholm mpaka Lubumbashi, tarehe 14 Juni. Za kwenda mbili. Ya kurudi moja, na jina lake siyo langu.

Mama Mkubwa, ulijua? Nimesoma tena barua yako ya Novemba na kila mstari sasa naona una mtu amesimama nyuma yake. "Usiniulize kwa nini nauliza." Nakuuliza. Nyote wawili mmekuwa mkiniongelea? Kitanda changu huko kimeshatandikwa?

Sikatai kwamba nakupenda. Lakini shule yangu iko hapa, na kwa mwaka mmoja na nusu darasani kwa Håkan nilikuwa nimefika mahali naelewa vitu. Hamilton angalau hakujua anapelekwa. Alikuwa na miaka mitatu.

Asifiwe


Lubumbashi, 4 Februari 2024

Asifiwe,

Nilijua. Nimejua tangu siku Norbert aliponipa barua mbili, yako kwa mkono huu na ya mama yako kwa mkono huu. Nilimwahidi kunyamaza mpaka utakapouliza. Umeuliza. Kitanda kimetandikwa, kwa sababu yeye ni mdogo wangu na ameniomba. Lakini nimemwandikia leo hii kwamba sitakuja uwanja wa ndege kumpokea mtu aliyedanganywa kwamba anakuja kusalimu. Ukija kwa kutaka kwako, nitakuja na mwavuli na maua. Vinginevyo hapana. Atanikasirikia. Tumeshawahi kukasirikiana.

Sasa nisikilize. Siku ile ya tarehe 16 mama yako alikuwa pale darajani. Alisimama kwenye upepo zaidi ya nusu saa akikusubiri. Aliondoka kabla ya Arnaud na mkate wake. Alichokiona ni wewe na mwanaume, na kicheko chako. Siku ya mazungumzo akamkuta mwanaume huyo huyo amekaa mbele yake, na wewe ukampa maneno manne kwa dakika tano. Ungekuwa yeye ungefanya nini? Mimi ningenunua tiketi mapema zaidi.

Kuna swali hajakuuliza. Nakupa mimi, nikijua hatapenda, kwa sababu ni zito kuliko tiketi. Anataka kujua kama siku ile hospitalini, ulipomwambia titi halina kitu, yalikuwa maneno ya daktari.

Usinijibu mimi.

Agripina


Vällingby, Jumamosi, 2 Machi 2024

Mama Mkubwa,

Jumatano tulikuwa shuleni. Mama aliomba mwenyewe, baada ya barua yako kumfikia. Alipiga simu kwa Kiswidi chake cha kazini, nilimsikia: "Mimi mama Asifiwe. Mimi taka mkalimani. Si mtoto." Akakata, akakaa kitini muda mrefu na koti lake la kazi.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, imewekwa katikati ya meza, sauti tu. Mwanamke Mrundi, Kiswahili cha Bujumbura. Kabla ya lolote Mama akamuuliza, "Wewe unasali kanisa gani?" Mkalimani akasema, "Mama, hapa mimi sina kanisa, nina masikio tu." Mama akaguna, lakini nadhani alipenda.

Wakalimani wa kweli wanasema "mimi" wakimsemea mwingine. Sauti ikasema, "Mimi nina miaka sitini na nne na nina wajukuu wanne," na Mama akamwambia, "Hongera, lakini nimekuja kwa ajili ya mwalimu." Ikabidi aelezwe.

Halafu Mama akanyoosha mgongo. "Muulize tarehe kumi na sita Oktoba alikuwa wapi na mtoto wangu."

Nilitamani meza inimeze. Håkan hakukasirika. Alitafuta kwenye simu yake, akaonyesha picha: daraja, hesabu, mimi, Arnaud ana makombo kidevuni, Mélissa. Akaonyesha za mwaka jana, na za mwaka mwingine, watoto wengine, daraja lile lile. Akasema alipaswa kuwaandikia wazazi kabla, na kwamba hilo ni kosa lake. Mama aliishika simu ile karibu na macho. Akauliza, "Hawa wawili walifika saa ngapi?" Nikajibu mimi, "Saa kumi na nusu, Mama." Akasema, "Mimi niliondoka saa kumi na robo."

Kisha akatoa ile karatasi kwenye mkoba, imelegea kwenye mikunjo, akaomba asomewe. Na Håkan akarudia yote ya Oktoba. Miaka thelathini na moja, wanafunzi watatu, swali la miaka tisini. Sauti ile ikayaleta moja moja, kwa Kiswahili kizuri, bila kupunguza, bila kuona haya. Mimi nilikuwa nimeangalia kucha zangu.

"Haya aliyasema siku ile?" Mama akauliza. Hakumuuliza mkalimani. Aliniuliza mimi.

"Ndiyo."

"Haya haya?"

"Haya haya."

Tulipanda metro, tukapita kituo cha Alvik. Kisha akasema akiangalia dirishani, "Kuhusu mwalimu nimeelewa. Kuhusu wewe sijaelewa. Mtu anayeweza kunificha jema, baya atashindwa?"

Fomu na tiketi ameviweka mezani jikoni, kimoja juu ya kingine. Fomu mwisho wake ni Jumatatu. Hajagusa kalamu. Najua anachosubiri, na hatakiuliza. Uliniambia nisikujibu wewe. Kwa hiyo nakuandikia tu nipate ujasiri wa kuandika, na barua hii atakayeisoma kwanza si wewe.

Haya ndiyo niliyoyageuza, yote ninayoyakumbuka.

Nilipokuwa na miaka tisa, yule mwanamke wa dirishani, ofisi ya uhamiaji, alisema, "Hawa hawajifunzi kamwe." Nilimwambia Mama, "Anasema tusubiri kidogo." Tulisubiri, na Mama alimshukuru tulipoondoka.

Nilipokuwa na miaka kumi, mwenye nyumba ya kwanza alisema chakula chetu kinanuka ngazi nzima. Nilisema anauliza kama jiko linafanya kazi vizuri. Wiki iliyofuata Mama alimpelekea sombe, majani ya muhogo, kwenye bakuli. Alilirudisha bila kuonja. Nilisema ana mzio.

Miaka kumi na tatu, msimamizi wa kazini kwake alisema kwa simu kwamba wagonjwa wengine hawataki waguswe na Mama. Nilisema zamu imebadilishwa.

Miaka kumi na sita, sifa zangu, pamoja na fomu yake.

Nimetafuta sana ndani yangu kama kuna nyingine. Nne. Zote nilizifanya ili uso wa mtu usianguke, tatu za kwanza uso wake, ya mwisho wangu. Sikuona kwamba ni mimi niliyekuwa naamua yeye anaishi katika nchi ya namna gani.

Hospitalini sikugeuza neno. Daktari alisema, "Ni uvimbe wa maji tu, hauna hatari, hauhitaji kutibiwa." Nilikuwa sijui neno "uvimbe" kwa Kiswidi, nikamwomba arudie, akanichorea. Nilimwomba arudie tena mara ya pili kwa sababu niliogopa nimesikia ninachotaka kusikia. Ndipo nikasema hakuna kitu, nikimaanisha hakuna hatari. Ni kweli. Lakini najua sasa kweli yangu haina thamani zaidi ya ule uongo wa tarehe 26 Oktoba, vyote vimetoka mdomo mmoja. Kwa hiyo jana nimepiga simu kituo cha afya. Wataichapa ripoti ya daktari, na Jumatatu saa tatu asubuhi kuna mkalimani, si mimi, si Mama Colombe, atamsomea yote. Nimemwombea nafasi hiyo kwa jina lake. Mimi nitakaa nje kwenye benchi.

Kama baada ya hapo bado atataka nije Lubumbashi, nitakuja bila kudanganywa, na wewe uje na mwavuli.

Ni saa nane mchana, Mama amemaliza kupiga pasi nguo za kwaya. Nasikia ndala zake kwenye korido. Zimesimama. Zinakuja. Mkono wangu wa kushoto umeshaivuta atlasi kuifunika karatasi hii, wenyewe, kama kawaida, wala sikuutuma.

Nimeirudisha atlasi kwenye rafu.

Mama, anzia ukurasa wa kwanza, huu hapa karibu yako. Ukifika kwa yule mwanamke wa dirishani, usiruke.